Vilima vya Jumanne na Ijumaa

Mita ile niliwekewa na mwanangu wa kumzaa. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanipa pole ya bure akidhani niliingiliwa na wageni. Alikuja asubuhi na gari la kampuni, ngazi juu, shati la kazi la buluu, kola imesimama wima. Kola ile niliipiga pasi mimi, na nitairudia baadaye.

Mtaani wanamwita Fundi, na hata mimi siku hizi namwita hivyo. Ni mzaliwa wangu wa kwanza. Baba yake alikuwa fundi umeme, akamfundisha nyaya kabla hajafundishwa kusoma, akamwachia koleo, bisibisi na tabia zake zote. Marehemu alikuwa na desturi moja: akimaliza kufunga waya kwa utepe, hukunja ncha ya utepe kidogo kama sikio, ili anayekuja kufungua kesho asihangaike kutafuta pa kuanzia kwa kucha. Na utepe wake ulikuwa mwekundu siku zote. Fundi naye hivyo hivyo. Ukiona waya umefungwa kwa utepe mwekundu wenye sikio, hapo amepita mtu wa nyumba yetu.

Basi akang'oa mita ya zamani barazani. Ndani ya kifuniko alikuta mayai mawili ya mjusi, tukacheka. Mahali pake akaweka kidude cheupe chenye dirisha dogo la tarakimu na kitaa chekundu kinachokonyeza umeme unapotumika.

"Mama, hii ina akili," akasema.

"Akili ya nini? Mwenye akili hapa ni mimi."

"Inajisoma yenyewe. Hakuna msoma mita atakayekugongea mlango tena."

Hilo halikunifurahisha sana, maana msoma mita wetu alikuwa mtu wa soga, akipita anakunywa maji na kuacha habari za mtaa mzima. Lakini sikusema. Fundi akanipa simu yake nitie sahihi kwa kidole kwenye kioo. Nikamuuliza ninakubali nini. Akajibu, "Kwamba mita imewekwa, basi." Nikatia. Nimefanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na sikuwahi kupokea furushi la mashuka bila kuhesabu shuka moja moja, hata liwe limeletwa na mganga mkuu mwenyewe. Siku ile sikuhesabu. Nilikuwa natia sahihi kwenye simu ya mtoto wangu, kwa nini nihesabu?

Niwaeleze kuhusu pasi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mgongo wangu uliharibika kwa kazi ile ya hospitali. Binti yangu, ambaye ni muuguzi na kila mtu anamwita Sista, aliniuguza miezi mitatu, akanisimamisha kwa mikono yake kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilipopona alichukua pasi yangu nzito, akaenda nayo, akanilazimisha niape kwamba sitasimama tena mbele ya ubao. Nikaapa. Na kwa mwaka mzima nilitimiza.

Halafu mke wa Fundi akafunga mizigo akarudi kwao. Fundi alikuja kwangu jioni hiyo na mfuko wa mashati, macho mekundu. Kampuni yao ina msimamizi anayekagua mafundi kila asubuhi. Shati lako likiwa na mikunjo hupewi gari, na usipopewa gari huna kazi siku hiyo. Yeye mwenyewe pasi haijui. Nguzo ndefu anapanda bila woga, lakini mashati mawili alikuwa ameshayatoboa kwa moto.

"Mama, nisaidie," akasema. "Ila asijue mtu. Hasa Sista. Sista akijua nimeachwa, sitapumua."

Ndivyo alivyo, anapenda kufa na tai shingoni. Nilimpenda hivyo hivyo, nikamwapia sitasema. Kesho yake akaleta pasi mpya, tukaificha chini ya kitanda changu, na mimi mwanamke mzima nikaanza kumdanganya binti yangu. Kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane mchana, nilifunga mlango nikapiga pasi mashati matano na suruali zake. Mgongo ulilia, nikajikaza kisabuni. Saa kumi na moja alipita kuchukua, akala, akanibusu kichwani, akaenda zake.

Mita iliwekwa mambo yakiwa hivyo. Miezi mitatu ikapita, sina hili wala lile.

Jumapili moja wakaja wote wawili kwa pamoja. Hapo tu ningeshtuka, maana hao hawaji pamoja ila kuna msiba. Sista alikuwa amevaa ile sura anayowavalia wagonjwa wakaidi. Fundi alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, shati la buluu, kola safi ya Ijumaa.

"Mama," Sista akaanza, "usikasirike. Tunakupenda."

Mtu akianza hivyo, jua kuna kitu anataka kukunyang'anya.

Akatoa simu, akaja kukaa ubavuni mwangu. Kwenye kioo kulikuwa na mstari uliolala, na juu yake vilima. Akanionyesha kidogo kidogo. Hapa ni asubuhi, Mama amechemsha maji ya chai. Hapa amewasha taa. Hapa ni televisheni, mpaka saa tatu. Hapa amelala. Nikaangalia siku zangu zimetandazwa pale zote, hata ile ambayo sikupata usingizi nikawasha taa mara nne.

"Hii umeipata wapi?"

"Ni mita, Mama. Inatuma kila nusu saa. Kaka aliniwekea kwenye simu siku ile ile alipoifunga. Yeye pia anayo."

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa anakuna goti.

Sijui niwaambie nini kuhusu hapo. Nilijisikia kama nimefunguliwa mlango wa bafu. Miezi mitatu nimekuwa nikiamka na kulala mbele ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa anakula mezani kwangu mara mbili kwa wiki na hajafungua mdomo. Nikasema moyoni, sawa, ni watoto, wana wasiwasi. Subiri.

"Sasa angalia hapa," Sista akaendelea. Kidole chake kikaenda kwenye kilima kirefu kuliko vyote. "Jumanne. Saa nane mpaka saa kumi. Na hapa Ijumaa, saa zile zile. Wiki hii, wiki iliyopita, wiki zote. Kuna kitu kikubwa kinawaka saa mbili nzima. Mama, unawasha jiko unalisahau."

"Mimi?"

"Siyo kosa lako. Mwezi uliopita tumempokea bibi mmoja wodini, aliacha jiko akaenda kulala. Mimi ndiye niliyemfunga bandeji. Siwezi kulala, Mama. Nikiona kilima hicho niko kazini, nashindwa hata kuchoma sindano." Na kweli alikuwa na hofu, sitamsingizia. "Nimesafisha kile chumba changu cha nyuma. Kina dirisha zuri. Na hapa nimempata mpangaji, mwalimu mmoja, mtu mtulivu, ataingia mwisho wa mwezi. Tumekubaliana na kaka."

"Mmekubaliana lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Alhamisi."

Alhamisi. Ina maana kesho yake, Ijumaa, Fundi alikuja hapa, akachukua mashati yake matano, akala, akanibusu kichwani, akijua kwamba nyumba aliyoijenga baba yake na ambayo nimekaa miaka arobaini ameshampa mwalimu mtulivu.

Bado nilimngojea. Mnaweza kunicheka, lakini nilimngojea. Nilijua anajua. Kilima kile alikuwa amekivaa. Angesema neno moja tu, "ni pasi," na mambo yangeisha pale pale. Aibu ingemkaa siku mbili tatu, Sista angemsema, basi. Nilikuwa nimeapa kwake nisiseme, na mimi nikiapa nimeapa, isipokuwa kile kiapo nilichokwisha kukivunja kwa ajili yake. Kwa hiyo nikamtengenezea njia.

"Fundi," nikasema, "mita ni yako, na kazi ni yako. Hebu chukua simu ya dada yako, ukitazame vizuri kilima hicho. Utuambie ni cha nini."

Akaja, akaichukua. Akakivuta kwa vidole viwili mpaka kikajaa kioo kizima. Akaishika kola ile kama inambana, nikajua sasa anasema.

"Kwa ukubwa huu," akasema, na hakuniangalia, "inaweza kuwa jiko."

Sista akashusha pumzi. "Umesikia, Mama. Fundi mwenyewe kasema."

Nimezaa watoto, nimezika mume, nimelala kifudifudi miezi mitatu nikilishwa kwa kijiko. Lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa maneno yale matatu. Na alivyoyasema polepole, kwa sauti ya kazini, kama ninavyomsikia akiwaelezea wateja!

Nikasimama. "Njooni jikoni."

Jikoni kwangu kuna jiko la gesi ninalopikia, na pembeni lipo jiko la zamani la umeme, la sahani mbili, nimelitandikia kitambaa na kulipangia sufuria juu. Tangu nipone, Sista akija huishia sebuleni, kwa hiyo alidhani natumia yote mawili. Nikashusha sufuria moja moja. Nikatoa kitambaa. Nikalishika jiko, na mgongo wangu ule ule, nikalivuta kutoka ukutani kabla hawajaniwahi.

Waya wake ulikuwa umekatwa. Ncha mbili zilitoka ukutani, zimefungwa vizuri, utepe mwekundu. Mwisho wa utepe umekunjwa sikio.

Sista aliinama, akaligusa lile sikio kwa kidole. Kwake pia yapo, kwenye kila waya, kwa sababu kaka yake ndiye aliyemfungia umeme.

"Jiko hili lilikufa mwaka mmoja uliopita," nikasema. "Lilinipiga shoti. Aliyekuja kulikata alikaa hapo hapo ulipoinama, akaniambia, Mama, hili usiliguse tena, ni kabati sasa."

"Kaka," Sista akasema bila kuinuka. "Hii kazi ni yako."

"Nilisahau," Fundi akajibu.

"Umesahau!" Nikacheka, na kicheko chenyewe kilinitisha. "Basi Sista, hamisha huyu. Chumba kipo, kina dirisha zuri."

Sista akasimama, akamkazia macho kaka yake, kisha mimi. Si mjinga yule. Kazi yake ni kuwatazama watu wanaoficha maumivu.

"Kama siyo jiko, kinachowaka ni nini?"

"Muulize fundi."

Akamuuliza. Fundi akaangalia sakafu. Nikampa nafasi ya pili, na ya tatu, nikasikia friji inanguruma, inazima, na jirani anaita kuku wake. Mtoto wangu hakufungua mdomo. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuteleza ulimi pale sebuleni. Alikuwa amepima: upande huu aibu yake, upande huu nyumba ya mama yake. Akachagua.

Nilikuwa nimeapa sitasema, na sikusema. Nilikwenda chumbani, nikapiga magoti kwa shida, nikaitoa pasi chini ya kitanda, nikaja kuiweka mezani. Nikarudi nikachukua mashati. Yalikuwa matano, ya buluu, nembo ya kampuni kifuani. Seti moja aliyoniachia Ijumaa alipochukua nyingine. Yalikuwa yanangoja Jumanne. Nikayatundika kwenye nondo za dirisha la jikoni, moja, mbili, mpaka tano, taratibu, nikizirekebisha kola kama nilivyokuwa nikifanya kwa makoti ya madaktari.

Sista aliyaangalia mashati. Akaiangalia kola ya kaka yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Kaka, wifi yuko wapi?"

Fundi akachukua funguo zake akatoka. Hakugonga mlango, aliufunga polepole kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa. Mashati aliyaacha.

Tulibaki wawili. Sista alilia kwanza, halafu akanigeuzia kibao. "Na mgongo wako, Mama? Ulipoapa mbele yangu ulikuwa unanifanyia mzaha?" Hapo sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia kweli, hapo nimekosa, na nikamwomba radhi, jambo ambalo si rahisi kwangu. Akaninyoosha kwenye kochi, akanisugua dawa mgongoni kwa hasira, akampigia mwalimu mtulivu mbele yangu akamwambia nyumba haipo tena.

Kabla hajaondoka akanyoosha simu. "Nifute hii? Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

"Mliiweka ya nini hasa?"

"Kaka ndiye aliyenishawishi. Alisema, siku mstari wa Mama ukilala, tutajua kuna jambo, tutakwenda mbio. Alisema yeye atakuwa wa kwanza kufika."

Nikamwambia asifute.

Jumanne ikaja. Saa nane nilikaa sebuleni, mikono mapajani, pasi sikuiwasha. Saa kumi na moja ikapita, Fundi hakupita. Ijumaa vilevile. Mashati yalining'inia dirishani na sikuyagusa. Nilipita chini yake nikienda kuchota chumvi na yalikuwa yanajigeuza kidogo kwa upepo. Simu haikulia. Nilijua anauona mstari wangu, anajua nimeamka, nimechemsha maji, nimezima taa. Anayajua yote na hasemi neno. Hasira niliyokuwa nayo ilianza kugeuka kitu kingine kibaya zaidi, nikawa namtetea moyoni: ana haya, atakuja, si nilimzaa mimi?

Jumanne iliyofuata, saa nane kasoro, nilitoka barazani nikashusha swichi kuu.

Msinihukumu. Nilitaka kujua tu. Friji ikanyamaza, kitaa cha mita kikaacha kukonyeza, nyumba ikawa kimya ambacho sikuwahi kukisikia. Nikafungua mlango wa mbele wazi, nikavuta kiti mpaka pale ninapoiona barabara. Kazi yake siku hizo ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nilikuwa nimeliona lile gari lenye ngazi asubuhi. Kwa miguu ni dakika kumi. Sista hospitali yake iko upande wa pili wa mji.

Saa nane na nusu. Saa tisa. Kila gari lililokata kona nilinyoosha shingo.

Saa tisa na robo alifika Sista, anakimbia, sare ya kazi mwilini, glavu moja bado mkononi, kofia imepotelea njiani. Aliponiona nimekaa kwenye kiti alishika mwimo wa mlango. Kisha akanishika kifundo cha mkono akaanza kuhesabu mapigo, macho kwenye saa yake. Nikataka kumwambia ni mimi niliyeshusha swichi, nikaona haya. Nilikuwa nimefanya ubaya wa kumtisha huyu, ambaye hakuwa na deni kwangu.

Simu yake ikalia mfukoni. Aliitoa kwa mkono wenye glavu, akabonyeza sauti ya nje bila kuuachia mkono wangu.

"Uko kwa Mama?" Ilikuwa sauti ya Fundi. Nyuma yake nilisikia nyundo, na mtu anaomba apewe ngazi.

"Niko naye. Uko wapi wewe? Mstari umelala tangu saa nane!"

"Umelala mpaka sifuri kabisa," akasema, kwa ile sauti ya kazini. "Mtu akianguka, friji yake haiachi kuvuta umeme. Hiyo ni swichi kuu. Nimejua tangu nilipoiona saa nane na nusu. Mwambie akaipandishe."

Halafu akakata.

Sista akanitazama. Akaitazama mita ukutani, kitaa chake kimezima, na swichi iliyoinamisha kichwa chini yake. Aliuacha mkono wangu, akakaa chini kwenye sakafu ya baraza miguuni pangu na sare yake nyeupe.

Fundi hakukosea. Safari hii aliusoma mstari wangu sawasawa, na alipokwisha kuusoma akarudi kazini.